Barua ya VA imefika Mombasa: maswali ya wanajeshi wastaafu wa Marekani kuhusu fidia ya ulemavu na rufaa

Majibu haya ni ya Wakenya waliokwenda Marekani, wakaingia jeshini huko, wakamaliza utumishi, na sasa wako Mombasa. Wengine wamerudi moja kwa moja, wengine ni nusu mwaka huku na nusu kule. Ni ya wake na waume zao pia, maana mara nyingi ndio wanaohangaika na makaratasi. VA ni wizara ya Marekani inayowahudumia wanajeshi wastaafu, na sheria zake hazibadiliki kwa sababu unaishi Kisauni badala ya Texas. Huhitaji kuwa raia wa Marekani ndipo ulipwe. VA hutazama utumishi wako, namna ulivyoachishwa jeshi, na ugonjwa au jeraha ulilonalo.

Nimekataliwa. Nianzie wapi?

Anza na barua yenyewe, uisome yote. Watu wengi huishia ukurasa wa kwanza, pale palipoandikwa kwamba dai limekataliwa au asilimia ya ulemavu waliyopewa, kisha barua inaingia kabatini. Kilicho na faida kwako kimo kurasa za ndani. Tangu tarehe 19 Februari 2019, mfumo mpya wa rufaa ulipoanza kutumika, VA inalazimika kukuandikia ni madai gani yameamuliwa, ni ushahidi gani uliotazamwa, ni sheria ipi iliyotumika, ni mambo gani yamekubaliwa upande wako, ni sharti gani halikutimia, na una njia zipi za kupinga. Ukiwa umekubaliwa lakini kwa asilimia ndogo, barua inapaswa pia kukueleza kinachotakiwa ili ufikie asilimia ya juu yake.

Chukua kalamu. Kwanza nenda kwenye orodha ya ushahidi, uilinganishe na nakala za ulivyotuma. Ripoti ya eksirei uliyotuma ikiwa haimo kwenye orodha, hapo umepata pa kushika. Kisha tafuta sehemu ya mambo yaliyokubaliwa. Sehemu hii watu huipita tu, nami naiona kuwa ndiyo yenye thamani kuliko zote. Jambo ambalo VA imekwisha kulikubali linamfunga kila afisa atakayelishika faili lako baadaye, hata jaji wa Bodi ya Rufaa, isipokuwa ionekane kwamba lilikuwa kosa la wazi lisilo na ubishi. Kama wamekubali kwamba mgongo wako unaumwa, na wamekubali kwamba ulianguka mazoezini, usipoteze pesa kutafuta vipimo vingine vya kuthibitisha mgongo unauma. Hilo umeshashinda. Tafuta lililokosekana.

VA inataka nithibitishe nini hasa?

Mambo matatu, na ni kama mafiga: sufuria haikai juu ya mawili. La kwanza, una ugonjwa au ulemavu sasa hivi, uliothibitishwa na daktari. La pili, kuna tukio, jeraha au ugonjwa uliotokea ukiwa jeshini. La tatu, kuna kiungo kati ya hayo mawili, yaani cha leo kimetokana na cha wakati ule.

Madai mengi huangukia hapo kwenye la tatu. Mtu ana karatasi za hospitali za jana na kumbukumbu za kambini za zamani, lakini hakuna daktari aliyeandika kwamba hili limezaa lile. Kipimo cha VA si kigumu kama cha mahakama ya jinai. Ushahidi wa pande mbili ukilingana uzito, sheria inasema mwanajeshi apewe yeye faida ya shaka. Kwa hivyo hutakiwi kuthibitisha bila chembe ya shaka. Nusu kwa nusu inatosha.

Kuna njia nyingine ambayo wengi hawaijui: ugonjwa unaweza kuingia kwa sababu ya ugonjwa mwingine uliokwisha kukubaliwa. Goti la kulia likikubaliwa, na kwa miaka mingi umekuwa ukiegemea mguu wa kushoto hadi nyonga imeharibika, nyonga hiyo nayo inaweza kudaiwa.

Nina muda gani wa kukata rufaa?

Mwaka mmoja, unaohesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua. Siku uliyoifungua haihesabiwi. Kwetu hili ni hatari, kwa sababu barua kutoka Marekani inaweza kukaa njiani majuma mengi, kisha ikalala kwenye sanduku la posta la mjomba ambaye hupita Posta anapopata nafasi. Fungua akaunti ya VA.gov na usome barua zako humo. Ukihama, badilisha anwani siku hiyo hiyo.

Mwaka ukipita, mlango mmoja hubaki wazi: dai la nyongeza lenye ushahidi mpya unaweza kulileta wakati wowote. Unachopoteza ni tarehe ya kuanzia malipo. Ukipinga ndani ya mwaka na ukashinda, kwa kawaida malipo hurudishwa nyuma hadi tarehe ya dai la kwanza. Ukichelewa, huanzia pale ulipoleta dai jipya. Tofauti hiyo inaweza kuwa pesa za miaka kadhaa, ndiyo maana nawasihi watu wasingoje.

Kuna njia tatu za kupinga. Nichukue ipi?

Inategemea figa lililokosekana. Swali la kujiuliza ni moja: je, tatizo ni kwamba ushahidi haukuwepo, au ulikuwepo na VA haikuutazama sawasawa?

Kama haukuwepo, njia yako ni dai la nyongeza, fomu 20-0995. Lazima ulete kitu kipya kinachohusika na kilichokosekana. Barua ya daktari inayoeleza kiungo ni kitu kipya. Kutuma tena karatasi zile zile pamoja na malalamiko marefu hakukusaidii.

Kama ushahidi ulikuwepo na wameusoma vibaya, omba uhakiki wa ngazi ya juu, fomu 20-0996. Afisa mwandamizi huliangalia faili upya tangu mwanzo, lakini hapokei ushahidi wowote mpya. Usiichukue njia hii huku una ripoti mpya mkononi, maana haitasomwa. Kinachofaa humu ni mazungumzo ya simu na afisa huyo, ambayo unaweza kuyaomba kwenye fomu. Hapo unamwonyesha kosa lilipo: ukurasa huu, tarehe hii, daktari alisema hivi, nanyi mmeandika vile. Omba simu ya asubuhi ya Washington. Saa mbili asubuhi kule ni saa tisa alasiri Mombasa wakati wa kiangazi chao, na saa kumi wakati wa baridi yao. Ukichagua mchana wao, unaweza kujikuta unajieleza usiku wa manane, umechoka. Tafuta pia mahali penye mtandao imara na pasipo kelele za matatu.

Afisa akigundua kwamba VA haikutimiza wajibu wake wa kukusaidia, kwa mfano haikuzitafuta kumbukumbu zako za matibabu za jeshini, hurudisha faili likafanyiwe kazi hiyo. VA imejiwekea lengo la wastani wa siku 125 kwa uhakiki na kwa dai la nyongeza pia. Hilo ni lengo tu, usipange karo ya watoto kwa kulitegemea.

Njia ya tatu ni Bodi ya Rufaa iliyoko Washington, fomu 10182. Huko anayeamua ni jaji, nawe unachagua foleni: jaji asome faili lilivyo, au uongeze ushahidi ndani ya siku 90, au usikilizwe kisha uwe na siku 90 za kuongeza ushahidi. Kusikilizwa kunawezekana kwa video ukiwa nyumbani. Bodi huchukua muda mrefu kuliko njia zile mbili, na kwa kawaida foleni ya kusikilizwa ndiyo ya mbali zaidi. Mimi huona inafaa pale ambapo ubishi ni wa tafsiri ya sheria, au ambapo madaktari wawili wamepingana na unataka jaji awapime.

Bodi nayo ikikukatalia, una siku 120 kwenda mahakama maalumu ya rufaa za wanajeshi wastaafu ya Marekani. Hapo usiende peke yako, tafuta wakili. Unaweza pia kurudi kwenye dai la nyongeza ndani ya mwaka mmoja, na tarehe yako ya zamani ikabaki hai. Ukiwa unachukua hatua nyingine ndani ya muda baada ya kila uamuzi, mnyororo haukatiki.

Nina asilimia 50 ya kitu kimoja na 30 ya kingine. Mbona si 80?

VA haijumlishi hivyo. Huanza na mtu mzima wa asilimia 100. Ulemavu wa 50 unamwacha na 50. Kisha ile 30 inachukuliwa kutoka kwenye hiyo 50 iliyobaki, nayo ni 15. Jumla ni 65, na huzungushwa hadi 70. Ndiyo maana mtu mwenye madai mengi madogo hupanda polepole sana.

Asilimia 0 nayo usiitupe. Maana yake VA imekubali kwamba ugonjwa umetokana na utumishi ila kwa sasa haujafikia kiwango cha kulipwa. Ukizidi, huhitaji tena kuthibitisha ulitoka wapi. Unaonyesha tu kwamba umezidi.

Na kama huwezi tena kushika kazi ya kukutosha kimaisha kwa sababu ya ulemavu uliokubaliwa, soma kuhusu fomu 21-8940. Mwenye ulemavu mmoja wa asilimia 60, au jumla ya 70 ambayo ndani yake upo mmoja wa 40 au zaidi, anaweza kuomba alipwe kiwango cha 100.

Ndugu yetu halali usiku, hupiga kelele, hataki umati wa watu. Hajawahi kwenda hospitali. Tutathibitishaje?

Hili naliona mara kwa mara pwani, nami naliandika kwa uchungu. Kijana anarudi kutoka vitani, anaanza kuamka usiku akitweta, na nyumbani wanasema ana jini. Anapelekwa kwa shehe, anasomewa, anapewa kombe. Dua si mbaya na sina neno nayo. Lakini miaka mitano inapita bila hata mstari mmoja kwenye kitabu cha daktari, na VA ikilitazama faili inaona mtu mzima.

Mpelekeni kwa daktari sasa, dua nayo iendelee. Hospitali ya Port Reitz ina huduma za afya ya akili, na Hospitali Kuu ya Pwani pale Makadara inaweza kumpokea au kumwelekeza. Daktari aandike jina la ugonjwa, siyo dalili peke yake.

Miaka iliyopita bila karatasi mnaweza kuijaza kwa maneno yenu, kwa fomu 21-10210. VA lazima ipime ushahidi wa mtu asiye daktari kuhusu mambo aliyoyaona kwa macho yake. Mke anayelala naye kitanda kimoja ni shahidi mzuri kuliko anavyojidhania. Asiandike kwamba mume wake ana ugonjwa wa akili kutokana na vita, huo ni uamuzi wa daktari. Aandike anachokiona: tangu aliporudi analala na taa imewashwa, Idi iliyopita fataki zilipopigwa alikwenda kukaa bafuni hadi zilipokwisha, harusi ya dada yake alisimama nje karibu na geti usiku kucha, kazi ya bandarini aliiacha baada ya kontena kudondoshwa kwa kishindo. Ataje mwezi na mwaka pale anapokumbuka. Aandike kwa Kiingereza, au aandike kwa Kiswahili kisha iambatishwe tafsiri. Aliyekuwa naye kikosini akiandika pia, dai linapata nguvu zaidi.

Akianza kusema hataki kuishi, acheni makaratasi yote. Kaeni naye, ondoeni vitu vya kujidhuru, mfikisheni hospitali. Veterans Crisis Line hupatikana Marekani kwa namba 988 kisha kubonyeza 1, na ukiwa nje ya Marekani unaweza kuzungumza nao kwa maandishi kupitia tovuti yao.

Daktari wa Mombasa anaweza kuniandikia barua ya kiungo?

Anaweza. VA haitaki daktari awe Mmarekani. Inataka aliyesomea, aliyezisoma kumbukumbu zako, na aliyetoa sababu. Barua ya mistari mitatu yenye mhuri mkubwa haina uzito. Mpelekee daktari nakala za matibabu yako ya jeshini, umwombe aandike kwamba amezisoma, aseme kwa maoni yake kama uwezekano wa ugonjwa kutokana na utumishi ni angalau nusu kwa nusu, kisha aeleze kwa nini. Hiyo "kwa nini" ndiyo VA huitafuta. Madaktari wetu wana foleni ndefu nje ya mlango, kwa hivyo panga miadi maalumu na ulipie muda wake.

Nimeitwa uchunguzi wa VA. Lazima niende?

Nenda. Ukiwa unadai nyongeza ya asilimia na usifike bila sababu nzuri, dai hukataliwa. Likiwa dai la mara ya kwanza, huamuliwa kwa karatasi zilizopo tu. Ukiitwa Nairobi na siku haikufai, piga simu au andika mapema uombe siku nyingine, na uweke nakala.

Ukiwa mbele ya mchunguzi, eleza siku yako mbaya ilivyo. Sisi tumelelewa kujibu "sijambo" na "namshukuru Mungu" hata tukiwa hoi, na mchunguzi huandika anachosikia. Akiuliza mgongo ukoje, mwambie huwezi kuinama kuvaa viatu mara ngapi kwa mwezi, na unaweza kusimama kwa muda gani kabla ya kutafuta pa kukaa. Usiongeze chumvi, wala usipunguze.

Nilihudumu Djibouti na Somalia. Je, kuna sheria mpya inayonihusu?

Ipo, inaitwa PACT, na ilitiwa saini tarehe 10 Agosti 2022. Kwa waliohudumu katika nchi zilizotajwa, VA huchukulia kwamba walivuta moshi na sumu, na magonjwa yaliyoorodheshwa huhesabiwa kuwa yametokana na utumishi bila wewe kutafuta kiungo. Somalia imo kwa waliokuwepo tangu tarehe 2 Agosti 1990, na Djibouti kwa waliokuwepo tangu tarehe 11 Septemba 2001. Kati ya magonjwa hayo kuna pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi, mkamba sugu, na saratani za aina kadhaa. Kama ulikataliwa kabla ya sheria hiyo, leta dai la nyongeza. Kenya haimo kwenye orodha hiyo, kwa hivyo aliyekaa Manda Bay peke yake, kambi iliyoko Lamu, atahitaji kuthibitisha kiungo kwa njia ya kawaida.

Kuna mtu amesema atanishughulikia kwa nusu ya pesa nitakazolipwa.

Mkatae. Hakuna anayeruhusiwa kukutoza ada kwa kukuandalia dai la kwanza. Baada ya uamuzi wa kwanza, wakili au wakala aliyeidhinishwa na VA anaweza kutoza. Asilimia 20 ya malimbikizo huhesabiwa kuwa ada ya haki, na inayozidi theluthi moja huhesabiwa kuwa si ya haki. VA ina orodha ya walioidhinishwa mtandaoni, tafuta jina lake humo kabla hujampa hata nakala ya kitambulisho. Mashirika ya wanajeshi kama DAV, VFW na American Legion yana wawakilishi walioidhinishwa wanaosaidia bure, na mawasiliano yanaweza kuwa ya simu na mtandao. Nenosiri la VA.gov usimpe mtu yeyote.

Nani atalipia matibabu yangu hapa?

VA ina mpango wa matibabu ya nje ya Marekani unaolipia ugonjwa uliokwisha kukubaliwa. Jiandikishe kwanza, hifadhi risiti na maelezo ya daktari, na utume dai ndani ya miaka 2. Homa ya kawaida haimo.

Tulifunga ndoa kwa Kadhi. VA inaitambua?

VA hutazama kama ndoa ilikuwa halali kwa sheria ya mahali mlipokuwa mkiishi. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inaitambua ndoa ya Kiislamu na inataka isajiliwe. Hakikisheni cheti kipo, na majina yanalingana herufi kwa herufi na yaliyo jeshini. Mohamed na Muhammad kwetu ni mtu mmoja, lakini kwa afisa aliyeko Marekani ni barua nyingine ya maswali. Kuanzia asilimia 30, mke au mume na watoto huongeza malipo, na fomu ni 21-686c.

Mume wangu amefariki rufaa ikiwa bado inaendelea.

Rufaa si lazima ife naye. Unaweza kuomba kuchukua nafasi yake kwa fomu 21P-0847, ndani ya mwaka mmoja tangu alipofariki. Kama kifo kimetokana na ulemavu wa utumishi, kuna pia fidia ya mjane, fomu 21P-534EZ. Najua eda si wakati wa kujaza fomu. Mpe kaka au binti unayemwamini akuandalie cheti cha kifo na cha ndoa, nawe utie saini utakapokuwa tayari, mradi mwaka usipite.

Mimi nilikuwa jeshi la Kenya, pale Mtongwe. Haya yananihusu?

Fomu hizi hazikuhusu, na aliyehudumu jeshi la Uingereza naye ana mfumo wake. Lakini hukukosa haki. Ibara ya 47 ya Katiba inakupa haki ya kuandikiwa sababu za uamuzi uliokuumiza. Chini ya Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015, ukiomba sababu hizo, ofisi inapaswa kukupa kwa maandishi ndani ya miezi 3, na isipofanya hivyo mahakama inaweza kuchukulia kwamba haikuwa na sababu nzuri. Nakala za faili unaweza kuziomba kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, nao wana siku 21 za kujibu. Wakinyamaza, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, bila malipo. Usikimbilie mahakamani kabla hujamaliza ngazi za rufaa za ndani, kwa sababu jaji anaweza kukurudisha. Peleka barua kwa mkono, na hakikisha nakala yako imegongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe kabla hujaondoka kaunta.